Bibi Yangu, Mimi Mtumwa Wako

Seminari ilimwacha Venant Ishengoma na vitu viwili: Kilatini, na woga wa wanawake. Akaona cha kwanza kitatibu cha pili. Mshairi mmoja wa Roma ya kale, asiye na haya hata kidogo, aliwafundisha vijana wa mji wake namna ya kunasa wanawake: jidhalilishe, mwite bibi, jiite mtumwa wake. Venant, maskini, aliyasoma hayo kwa uso ule ule aliosomea misale, kitabu cha misa.

Aliyemnyima usingizi ni Suzana binti Luhaga, mwalimu mwenzake wa kisomo cha watu wazima pale Nyakato. Waliitana ndugu, kama watu wote wa miaka ile ya Ujamaa. Ila ndugu huoi. Na asubuhi hiyo Suzana alikuwa Kigongo akingoja kivuko, ameitwa kwao Busisi, ng'ambo ya maji, kutoa jibu, kwani kuna mwanamume alishapeleka posa. Venant asiposema leo, basi tena.

Alimkuta kwenye foleni, ubavuni mwa kikongwe mwenye tenga la kuku. Akafumba macho, akatafsiri maneno ya mshairi.

"Bibi yangu, mimi ni mtumwa wako. Niamuru!"

Kikongwe akageuka. "Asante, mjukuu wangu. Nibebee hawa kuku, mgongo unaniua."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Angekataaje? Alijitwika tenga, akalipeleka mpaka ndani ya kivuko, na alipolitua, Kigongo ilikuwa inabaki nyuma. Mavi ya kuku yalikuwa yamemtiririka hadi kwenye kola. Ndipo alipomwelewa mshairi wake. Kumbe yule hakuwa akifundisha, alikuwa akijicheka mwenyewe, fundi wa mapenzi anayefungiwa mlango kila siku. Venant alimwonea huruma, akampenda.

Suzana alikuja akijifuta machozi ya kicheko. "Ndugu Ishengoma, yale maneno ulikuwa unaniambia mimi?"

"Wewe."

"Kwetu tunalima wenyewe. Mtumwa wa nini?"

"Basi yaache. Nataka kukuoa, Suzana. Naogopa."

Suzana alimpa leso ajifute, akageuka kutazama Busisi ikisogea. Baba yake alikuwa amesimama pale kivuko kinapotia nanga.

"Marahaba," mzee aliitikia shikamoo zao. "Na huyu mwenye mavi ya kuku ni nani?"

Venant alingoja kusikia neno ndugu.

"Huyu ni Venant, baba," alisema Suzana. "Ndiye jibu lenyewe."