Mguu wa Mama Gramu

Mama Gramu hakujua kutulia. Akikaa, mguu wake wa kulia ulikanyaga. Akingoja zamu dukani, ulikanyaga. Hata msibani, wenzake wameinamisha vichwa, mguu ulikuwa kazini. Miaka kumi na minne ya cherehani ya kukanyaga ilikuwa imemwingia mwilini, na mumewe alishasema kwamba siku ya kumzika itabidi waufunge kamba.

Asubuhi ile alikuwa kwenye korido ya shule, na mguu ulikuwa haukamatiki. Mkobani, katikati ya futi na chaki ya kukatia nguo, ilikuwa imekunjwa fomu ya kurudia darasa. Mwalimu wa darasa la pili alimpa wiki iliyopita, akamweleza kwa upole kwamba hesabu zinamshinda Gramu, bora arudie. Mama alikataa katakata. Nyumbani mtoto alipata kumi kwa kumi kila jioni, palepale pembeni ya cherehani, na shuleni akapata mbili. Sasa hapo mwenye kasoro ni nani kama si mwalimu? Akadai mtoto apimwe na mtu mwingine, na yeye awepo aone kwa macho yake.

Jina la Gramu lilitoka kwa manesi. Mtoto alizaliwa wiki kumi na tatu kabla ya siku zake, ana gramu mia tisa tu, na mama yake alikaa siku sabini na moja kando ya lile sanduku la kioo la watoto njiti, roho mkononi. Wifi yake alipokuja kuwatazama, aliuliza kwa sauti ya chini kama huyu kweli atakuja kusoma. Mama aliapa moyoni kwamba mwanawe hatabaki nyuma ya mtoto wa mtu. Baadaye daktari alimshauri asiwe na haraka ya kumwandikisha shule, kwa kuwa angezaliwa kwa wakati wake angeanza na watoto wa mwaka unaofuata. Ushauri huo uliingia sikio hili ukatokea lile.

Mpimaji alikuwa mwalimu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyezunguka shule kwa shule kuwapima watoto wanaopata shida darasani. Aliwaingiza kwenye chumba kidogo chenye sakafu ya mbao, Gramu akaketi mezani na mama yake kiti cha nyuma. Swali la kwanza lilikuwa saba ongeza tano. Gramu aliinamisha kichwa upande, akakaa kimya, kisha akasema kumi na mbili. Tisa ongeza sita? Kumi na tano. La tatu, la nne na la tano akayapata yote, na mama akaanza kupanga maneno atakayomwambia mwalimu wa darasa.

Mpimaji aliweka kalamu chini. Hakumtazama mtoto, alitazama chini ya kiti cha nyuma.

"Mama Gramu," alisema, "hebu tazama mguu wako."

Akautazama. Ulikuwa umeanza tena kugonga. Mpimaji alimweleza bila kumsuta: kwa swali la kwanza kisigino kiligonga mara kumi na mbili kikanyamaza, kwa la pili mara kumi na tano kikanyamaza. Mama alikuwa akihesabu pamoja na mwanawe, na mguu ukihesabu pamoja naye. Gramu alikuwa akihesabu tu mapigo yake mpaka unapokoma.

Zikamjia jioni zote za mwaka mzima, yeye kwenye cherehani, mtoto na daftari lake pembeni, na zile kumi kwa kumi alizowatambia majirani.

"Sikumfundisha hivyo," alisema.

"Najua. Kajifundisha mwenyewe. Akili anayo huyu, tena nyingi. Tatizo hesabu."

Aliombwa atoke. Alisimama koridoni, akachungulia dirishani. Mpimaji alichukua karatasi nyingine yenye maswali kumi, akamwaga vizibo vya soda mezani. Gramu aliulizwa swali, akainamisha kichwa, akasubiri. Aligeuka kukitazama kiti kitupu. Mama aliona midomo ya mwanawe inatetemeka, na mguu ukataka kuanza kugonga. Akaukanyaga kwa mguu wa pili, akaukandamiza mpaka ukauma. Siku zile za kioo hakuwahi kuona uchungu kama huu, maana kule aliyemkataza kusaidia alikuwa daktari, na hapa alijikataza mwenyewe. Ilipita dakika nzima, pengine mbili. Kisha mkono mdogo ukasogeza kizibo kimoja, na kingine.

Alipata nne. Mpimaji alisema akipewa muda na vitu vya kushika atakwenda, ila darasa la tatu sasa hivi litamkimbia. Mama aliomba kuiona karatasi. Aliyasoma yale majibu manne moja moja, kwa kidole, akakunjua fomu juu ya kizingiti cha dirisha na kutia sahihi.

Jioni Gramu alileta daftari pembeni ya cherehani kama kawaida yake. Nane ongeza nne. Akainamisha kichwa, akangoja, kisha akainua macho.

"Mama, shona."

Mama Gramu alipandisha miguu yote miwili kwenye kiti, akaikalia. Gauni la mteja lilibaki chini ya sindano, pindo nusu. Akamsogezea mtoto kopo la vifungo. Gramu alinuna, akavitazama vifungo kwa muda mrefu, kisha akaanza kuvipanga. Alipoteza hesabu, akarudia mwanzo, akapoteza tena. Miguu ilikufa ganzi na mama hakuigusa.

"Kumi na tatu," alisema Gramu hatimaye.

Mama alifumbua mdomo, akaufumba. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza, kwa kuwa siku zote jibu alikuwa nalo yeye.

"Umehesabuje, mwanangu? Nionyeshe."

Gramu alivirudisha vifungo vyote kwenye kopo, akaanza kumwonyesha.