Hewa ya Nyuzi 870

Mimi, Nyangwine wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Kemambo, mwenye umri wa miaka kumi na sita na akili timamu, nakiri kwamba nilifanya ujinga.

Adhiambo, mwanafunzi mwenzangu, alikuwa ametengeneza, kwenye kompyuta pekee nzima ya shule yetu hapa Tarime, programu inayoiga kibadilisha joto cha injini ya tabaini ya gesi. Moshi wa injini, nyuzi 550, unapita ndani ya mabomba. Hewa ya nyuzi 150 inapita nje yake na kupashwa joto kabla ya kufika kwenye moto, hivyo mafuta yanayotumika yanapungua. Kompyuta ilisema hewa ingetoka na nyuzi 470. Majaji wakiridhika, Adhiambo angeenda Musoma kuiwakilisha wilaya.

Nilikuwa nimechoka kumsikia akisifiwa. Siku ya majaji, wakati wa chai, nikaingia kwenye programu na kubadilisha ufanisi wa kibadilisha joto, kutoka 0.8 kuwa 1.8. Nilitaka kicheko kidogo tu.

Nilikipata. Hewa ilitoka na nyuzi 870.

"Binti," jaji aliuliza, "kwenu uji huwa wa moto kuliko jiko?"

Ukumbi ukalipuka.

"Mura, huyu amepika jehanamu!" rafiki yangu Joel alininong'oneza; mura kwetu ni kijana. Nikacheka, Mungu anisamehe.

Adhiambo alitazama skrini, akatazama daftari lake. "Samahani, mama. Nimekosea mimi. Sikuhakiki."

"Ulifanya peke yako?"

"Hapana, nilisaidiwa."

Akaonyesha bango lake. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: *Msaidizi: Nyangwine.* Niliwahi kumbebea meza kutoka maktaba, mara moja, nikilalamika njia nzima.

"Msaidizi, simama utueleze."

Nikasimama. Masikio yaliwaka kuliko ule moshi.

"Ni mimi, mama. Niliweka moja mahali pa sifuri. Makusudi."

Hakuna aliyecheka, hata Joel. Mwalimu Ogada alivua miwani, akaanza kuifuta ingawa haikuwa na vumbi. Adhiambo akarudisha sifuri. 470.

Ijumaa jina lake likabandikwa ubaoni: Musoma. Nikamwendea na hotuba ya toba yenye aya tano.

"Nyangwine, nyamaza. Shika mkasi."

Bango lilikuwa mezani. Nikakata kipande cha karatasi nyeupe, urefu sawasawa na jina langu. Akapaka gundi, akanirudishia. Nikakibandika mwenyewe juu ya jina langu, nikakikandamiza kwa kidole mpaka kikakauka.