Mbegu ya Mikayi na Mtihani wa Saa Nane

Mwalimu Damaris Akoth alisoma diploma yake akiwa amesimama. Viti havikukosekana, ila wakati wa kuvikalia ndio haukuwapo. Asubuhi alikuwa darasa la nne, mchana shambani, jioni jikoni, na chuo chake cha Nairobi kilimfikia kwa posta. Kilimletea vijitabu vyembamba na kaseti zenye sauti ya mhadhiri aliyekohoa kila alipokaribia jambo la maana. Damaris aliweka redio juu ya kinu, akawa anapepeta mtama huku akijifunza saikolojia ya mtoto. Betri zilipochoka mhadhiri alianza kunena kilevi, na Kezia, mke mwenzake, aliyependa kusikiliza kutoka mlangoni, alicheka mpaka akashika mbavu.

Kijiji nacho kilisema, maana kijiji hakikosi la kusema. Mshika mawili moja humponyoka, walimtahadharisha. Mama mwenye mvi anataka cheti cha nini? Damaris aliendelea kupepeta na kusikiliza. Maji alikwisha kuyavulia nguo, na alikusudia kuyaoga.

Boma la mumewe, Otieno, lilikuwa upande wa Migori, ng'ambo ya kijito kinachomwaga maji yake Mto Kuja, mahali mahindi yanapopakana na miwa. Katika boma hilo Damaris, aliyeitwa Min Jeff kwa jina la mwanawe, alikuwa mikayi, yaani mke wa kwanza, na mikayi ana kazi ambayo chuo cha Nairobi hakikuijua. Masika yakianza, yeye ndiye wa kwanza kutia mbegu ardhini. Usiku wa kuamkia siku hiyo mume hulala nyumbani mwake, na asubuhi mikayi hupanda. Baada yake hufuata mke wa pili, halafu wana na wake zao, kila mtu kwa zamu yake. Kabla hajafungua shamba hakuna anayethubutu kuangusha hata punje, kwa kuwa anayemruka mkubwa wake huleta chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haiulizi kama umebatizwa.

Kwa kawaida mambo haya mawili hayakugongana. Mvua ilinyesha Machi, watu wakapanda, kisha likizo ya Aprili walimu waliosoma kwa posta wakakusanyika Homa Bay, katika shule moja ya sekondari, kufundishwa ana kwa ana na kufanya mitihani. Lakini mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, mvua ilikawia. Machi ikaisha na vumbi lake. Damaris alimwomba mumewe wapande hivyo hivyo, mbegu isubiri mvua humo ardhini, naye aende zake akiwa ameifungua njia. Otieno akakataa. Mbegu ya mikayi, alisema, haitupwi vumbini iliwe na mchwa huku majirani wanatazama. Otieno alikuwa mtu mwema, ila macho ya majirani aliyaogopa kuliko nyoka. Basi Damaris akafunga begi lake akaenda Homa Bay na moyo mzito.

Hii ndiyo iliyokuwa mitihani ya mwisho. Chuo kilikuwa kimesema wazi kwamba atakayekosa hata karatasi moja atafutwa, na miaka yake yote ya kusoma amesimama itakuwa imekwenda bure. Msimamizi, Mwalimu Ongeri, Mkisii mrefu asiyejua kucheka, aliongeza sheria yake mwenyewe. Bahasha ya mtihani ikishakatwa hakuna anayeingia, hata awe waziri.

Mvua ikaja. Ilipiga mabati ya bweni kwa kishindo, na walimu wanawake waliokuwa wakibishana vitandani wakanyamaza wote, kwa kuwa karibu kila mmoja alikuwa na shamba. Kesho yake ikanyesha tena, na keshokutwa. Damaris aliandika karatasi baada ya karatasi huku akiyaona majembe ya nyumbani yameegemea ukuta. Aliogopa, na hakumficha mtu kwamba anaogopa.

Jumatano jioni ilibaki karatasi moja tu, ya Alhamisi saa nane mchana. Ndipo Otieno akatokea langoni, amevishika viatu mkononi. Alieleza akitazama chini. Majirani walikwisha kupanda, na mahindi ya baadhi yao yalikuwa yanachungulia. Wazee wa ukoo walikaa wakakubali, kwa shingo upande, kwamba mikayi akiwa masomoni Kezia aanze. Aliyekataa ni Kezia.

"Alisemaje?" Damaris akauliza.

"Alisema, 'Nyumba hii ina mwanzo wake. Sitampita Min Jeff kwa sababu amekwenda kusoma. Nikimruka mimi leo, kesho watamruka watoto.'"

Kezia ndiye aliyekuwa na watoto wadogo, na njaa ikiingia bomani ingeanzia mlangoni kwake.

"Ulinikataza kupanda kwenye vumbi," alimwambia mumewe.

"Nilikosa, Min Jeff. Na sikuja kukuvuta. Nimekuja kukuuliza."

Katika ndoa yao yote Otieno hakuwahi kumuuliza jambo kubwa kabla ya kuliamua. Hasira ikamwisha Damaris papo hapo, akaanza kupiga hesabu ya safari. Wakiondoka sasa hivi atalala kwake, atapanda kunapopambazuka, na saa nane atakuwa kwenye kiti chake. Alimwarifu jirani yake wa kitanda, Terry Bhoke, mwalimu kutoka Ntimaru. Terry hakumshauri wala hakumwonya.

"Enda upande," alisema. "Hiyo bahasha tutaona vile itakatwa."

Asubuhi boma zima lilijipanga nyuma yake kimya. Damaris alichimba, akadondosha mbegu, akafukia kwa mguu, mpaka mwisho wa mstari. Alipoinua kichwa Kezia alipiga kigelegele kilichowaamsha hata ng'ombe wa ng'ambo. Ardhi ilikuwa imefunguliwa. Damaris hakusubiri kunawa. Alinyakua begi akashika njia.

Kijito kikamzuia. Mvua ya usiku ilikuwa imekijaza, daraja la magogo halikuonekana, na maji yaliyokuwa yakipita hapo si ya kuchezea. Damaris alikaa kwenye jiwe akalia waziwazi, mwanamke mzima, mbele ya wanawe. Otieno akatembea ukingoni huku na huku bila kuamua kitu.

Kezia hakulia. Alikimbilia barabara ya miwa, akasimama katikati mbele ya trekta lililokuwa likivuta matela, mikono kiunoni. Dereva, Mkuria mmoja aitwaye Matiko, alimwambia kwamba kiwanda kinasubiri miwa. Kezia akamjibu kwamba nao walikuwa wamemsubiri mama yao mpaka majirani wakapalilia, kwa hiyo kiwanda hakitakufa. Apite juu yake akitaka. Matiko akamtazama mama huyu, akayatazama maji, akacheka kwa kukata tamaa. Akayafungua matela akayaacha kando ya njia.

Damaris alipanda juu ya bawa la gurudumu, begi kichwani. Maji yalifika kwenye ekseli, trekta likakohoa na kuyumba, na nyuma yao boma zima lilikuwa likilipigia kelele lisizime. Halikuzima. Ng'ambo ya pili alipata pikapu ya wachuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, wakambana katikati ya makapu yao hadi Homa Bay.

Baadaye alisimuliwa yaliyokuwa yakitendeka chumbani. Saa nane ilipogonga Terry alisema kalamu yake imekauka. Alipopata nyingine, mwalimu mmoja wa Sindo aliomba maelekezo yarudiwe kwa sababu hakuyasikia vizuri. Mwingine akabanwa na haja. Wa nne akauliza kama karatasi hiyo itaanza na sala, kisha akasali yeye mwenyewe, akawaombea wagonjwa wote wa wilaya za Homa Bay na Migori. Mwalimu Ongeri aliwavumilia, makasi mkononi, uso umekunjamana.

"Amina," alisema mwishowe. "Sasa nakata."

Hapo Damaris akasimama mlangoni, matope hadi magotini, ananuka omena.

Ongeri alimkagua kuanzia chini. "Mwalimu, umetoka wapi hivyo?"

"Kupanda, Mwalimu. Mimi ni mikayi. Walikuwa wananingoja."

"Na umewafungulia?"

"Nimewafungulia."

Mkisii huyo naye alikuwa mwana wa mkulima. Aliyashusha makasi, akamsogezea kiti kwa mguu. "Basi kaa chini. Hata sisi tulikuwa tunakungoja."

Chumba kizima kikapiga meza. Ongeri hakuwazuia. Damaris aliketi, na kwa mara ya kwanza katika masomo yake yote hakuwa na sufuria ya kugeuza wala mtoto wa kunyamazisha. Aliandika mpaka matope yakamkaukia miguuni.

Matokeo yalipotoka, Otieno aliyafuata mwenyewe Migori mjini. Alirudi kupitia sokoni, akimsimamisha kila aliyekutana naye, majirani hasa, na kumwambia, "Tumepasi." Aliingia bomani akitangaza vivyo hivyo. Kezia akamuuliza yeye alifanya mtihani gani.

Damaris alimshika Kezia mkono, akamketisha karibu yake.

"Mwache," alisema. "Amesema kweli. Tumepasi."