Nguzo ya Maili ya Kumi na Tisa

Barua ya serikali ilinikuta na rangi nyeusi kwenye kucha. Ilisema kwamba mimi, Wilfred Garside, nimeonekana nikipaka rangi nguzo ya maili kando ya mfereji wa Marlock, mali ya urithi inayolindwa kwa sheria, bila kibali. Picha yangu ilikuwamo: nimepiga magoti nyasini, makalio yamemwelekea mpiga picha. Miaka arobaini nimeipaka nguzo ile kila Mei, chuma cheusi, herufi na namba nyeupe za kuonyesha umbali, kabla mashua za likizo hazijaanza kupita. Shukrani ya punda ni mateke. Nilichoka nao kabla sijafika mstari wa pili.

Wenye barua hawakujua jambo moja: nguzo ile niliitengeneza mimi. Ya awali, ya mwaka 1819, iligongwa na tingatinga la kuzoa matope mwaka 1981, ikavunjika vipande vitatu. Wakati huo nilikuwa fundi wa kusubu chuma, kukiyeyusha na kukimimina. Nilivibeba vipande kwa toroli hadi kiwandani, nikaviunga, nikavikandamiza mchangani kupata kalibu, na saa ya chakula cha mchana, msimamizi akiwa amegeuza uso makusudi, tukamimina chuma cha moto, ikatoka nguzo mpya. Jumapili tuliisimika, mimi na wenzangu wawili ambao sasa wako makaburini. Miaka minne baadaye akaja bwana wa kuorodhesha mambo ya kale. Mvua ilikuwa inanyesha, naye hakukaa nje ya gari dakika mbili. Akaandika: ya asili, 1819. Tulicheka baani wiki nzima, na hakuna aliyemsahihisha.

Alhamisi akaja afisa wa urithi, Imogen Pascoe, binti wa miaka thelathini hivi. Mke wangu Beryl akamwekea chai na keki ya matunda.

"Bwana Garside, rangi uliyotumia haifai," alisema. "Inaziba chuma kisipumue."

"Chuma hakipumui, binti. Nimekifanyia kazi miaka thelathini na mmoja."

"Hiki si kama cha kiwandani kwenu." Akatandaza picha ya nguzo mezani, akapitisha kidole juu ya namba. "Angalia ukingo ulivyonyooka. Mafundi wa hivi hawapo tena."

Beryl alipaliwa na chai. Mimi damu ilinipanda kichwani.

"Hawapo? Nani kakwambia?"

"Wilf, kula keki," alisema Beryl.

Miaka yote ile kiwandani sikumbuki mtu aliyeusifu mkono wangu. Bosi alisifu waliowahi kufika. Leo sifa imekuja, imekaa mezani kwangu, inakula keki yangu, na inamwendea marehemu nisiyemjua. Vipande vya nguzo ya kwanza vilikuwa bado bandani, chini ya gunia. Nilitamani kwenda kuvileta, nivibwage juu ya kitambaa cha meza.

"Nitakuambia kwa nini nimekuja mwenyewe," binti aliendelea, sauti ikashuka. "Kampuni ya kujenga nyumba inataka kupitisha daraja la magari pale pale. Mwanasheria wao anadai nguzo si ya asili. Akithibitisha, ulinzi unaondoka, wataing'oa na ukingo wote wa mfereji watauchimba. Wewe ndiye unayeijua kuliko wote. Nahitaji maelezo yako kwa maandishi."

Akanisogezea fomu. Swali la tatu liliuliza kama nafahamu ukarabati au mabadiliko yoyote yaliyowahi kufanywa.

Nilishika kalamu, chai ikapoa. Nikisema kweli, tingatinga litarudi mara ya pili. Nikisema uongo, nitakuwa nimeapa kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mkono huu haukuwahi kutengeneza kitu. Beryl alikuwa ananitazama bila kupepesa. Analijua lile gunia la bandani, ndiye aliyelishona.

Nikaandika: Rangi tu.

"Asante," alisema Imogen, akashusha pumzi. "Na hapa, sahihi ya kuomba radhi. Ni utaratibu tu, tusifike mahakamani."

Nilisoma. Naomba radhi kwa kuharibu, kwa kutojua, kazi ya mafundi wa kale. Nikatia sahihi, kalamu ikatoboa karatasi.

Mlangoni alinipa mkono. "Usiiguse tena, tafadhali. Mwezi ujao tutamleta mtaalamu aipake."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita. Ni hodari sana."

"Sina shaka," nikasema.

Alasiri niliteremka mferejini. Nguzo ilikuwa imesimama wima, na njiwa alikuwa ameichafua kichwani, uchafu ukichuruzika hadi kwenye namba. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, kama mwizi wa kuku. Kisha nikatoa leso, nikaifuta haraka haraka, nikaondoka kabla mtu hajanipiga picha.