Kiti cha Baba Mdogo

Msiba wa baba ulipokwisha, baba mdogo alikalia kiti chake kilekile, kile ambacho baba alimtengenezea ili asikae chini akija kwetu. Miguuni aliweka sanduku la vifaa vya marehemu. Mama na mimi tulikuwa mkekani, humo humo karakanani.

"Vifaa naondoka navyo," alisema. "Useremala ni kazi ya wanaume, si ya wasichana. Na karakana ni ya mwenye msumeno. Wewe mwanangu, unao?"

Alijua sina. Msumeno ulikuwa sandukuni, chini ya kisigino chake.

"Basi mwisho wa mwezi namleta fundi cherehani aingie humu."

Nimepasua mbao na baba humo hadi viganja vikaota sugu, halafu mtu asiyeweza hata kunyoosha msumari ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti mwanangu! Nilijibu "sawa" kwa sababu mama alinifinya. Moyoni nilikuwa nawaka.

Sasa utatengenezaje msumeno bila msumeno wa kukatia mbao zake? Nilizunguka karakana tupu nikizitukana kuta, nikachoka, nikajitupa kwenye kile kiti. Mwamba wa mgongoni, ule mti uliokingama, ukanichoma. Niliinuka nikakitazama vizuri: nguzo mbili, mwamba katikati. Fremu ya msumeno, ule wa kukazwa kwa kamba, ilikuwa tayari, na baba hakuwa mtu wa gundi, viungo vyake alivishika kwa pini za mti tu.

Sikuomba ruhusa. Nikazing'oa pini kwa msumari na jiwe, kiti kikaachia.

Kiwandani kwa wapasua mbao niliokota kipande cha ukanda wa msumeno wa mashine, wenyewe wameshautupa. Nilichoma ncha zake kwenye jiko la mkaa hadi zikawa nyekundu, nikaziacha zipoe zenyewe zilainike, nikazitoboa kwa msumari wa zege. Meno nikayanoa kwa tupa ya kuazima. Kisha nikaushika ukanda mtupu kwa kitambaa, nikapunguza nguzo zilipozidi urefu na kuzichana mahali pa kuupachika. Vidole vilitoka damu. Vitoke!

Ukanda nikaufunga chini, kamba juu, mwamba katikati na pini zake. Nikaisokota kamba kwa kijiti hadi kijiti kikavunjika, ukanda bado umelegea kama mkanda wa suruali. Nikautupa wote pembeni, nikalia kwa hasira.

Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Kwenye msumeno baba yako hakuwa anapiga pini," alisema. "Mwamba alikuwa anauacha ucheze."

"Umejuaje?"

"Nani alikuwa anamshikia kamba kabla wewe hujazaliwa?"

Nilizing'oa pini. Akanipa mwiko, nikasokotea huo. Nguzo zikasogeleana juu, zikaachana chini, ukanda ukakaza. Nilipoudonoa kwa kidole, ulilia. Tukacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu tuzike.

Mwisho wa mwezi baba mdogo alikuja na fundi cherehani wake. Walinikuta nimekanyaga ubao, vumbi la mbao limejaa hadi kwenye nyusi. Niliwaamkia bila kuacha kukata. Baba mdogo akaangaza macho huku na huku akitafuta pa kukaa.

"Kiti changu kiko wapi?"

"Hiki hapa." Nikauinua msumeno.

Alizitambua nguzo. Zilikuwa bado nyeusi pale alipozoea kuegemea.

"Wewe mtoto! Umevunja kiti changu!"

"Ulisema karakana ni ya mwenye msumeno, baba mdogo."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema, shemeji," mama aliitikia kutoka mkekani, wala hakuinua sauti.

Fundi cherehani alikohoa, akasema atatafuta chumba kwingine, akaenda zake. Baba mdogo alibaki amesimama katikati ya vumbi la mbao, mara abadilishe mguu huu, mara ule. Mwishowe akaukunjua uso.

"Basi angalau nitengenezee kingine, mwanangu."

"Nitakutengenezea," nilimwambia. "Subiri zamu yako. Hiki ninachokata ni cha mama."

Mama alikuwa ameshaanza kukunja mkeka.