Koti la Meja

Mume wangu Muindi ni mwongo mahali pamoja tu duniani: mbele ya daktari. Nyumbani hawezi kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Juzi pale Westlands pikipiki ilitoa moshi kwa mlipuko, akaniangusha kwenye lami na kunilalia juu ili anikinge, watu wa ofisi wakitutazama. Bomu lililopindua lori lao la jeshi mpakani bado linalia masikioni mwake. Lakini akiingia kliniki ya kambi anapona ghafla, mzima kama ng'ombe wa maonyesho.

Shida ni koti. Daktari wao, Kiarie, ni meja, na cheo kimekaa mabegani mwa koti hilo. Muindi ni koplo. Koplo akiulizwa na meja kama yuko sawa, yuko sawa, hata akiwa amekufa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hao hawakuwahi kupigia mtu saluti.

Siku ya kuamuliwa kama atarudishwa mpakani, niliomba ruhusa kazini kwangu Spring Valley, nikaingia naye.

"Koplo, uko sawa?"

Muindi akakakamaa, mikono ubavuni. "Sawa, afande!"

"Usingizi je?"

"Unakuja vizuri, afande!"

Analala chini ya kitanda. Chini! Juu nalala mimi peke yangu. Damu ilinichemka.

"Anadanganya," nikasema.

"Mama, tafadhali. Mwache ajibu mwenyewe."

"Atajibu aje? Wewe hapa si daktari, wewe ni mkubwa wake. Toa hiyo koti."

"Nzembi!" Muindi akanong'ona. Sijawahi kumwona ameogopa hivyo.

"Nimesema atoe! Ama anangoja uletwe kwa jeneza ndio akupime vizuri?"

Nilidhani meja ataita walinzi. Badala yake aliutazama mkono wa kushoto wa Muindi, uliokuwa ukitetemeka kwenye mshono wa suruali. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti. Muindi akalikodolea macho koti lile, bado kasimama wima. Basi nikalinyakua na kutoka nalo.

Kwenye benchi la nje walikuwapo wanajeshi wakingoja zamu yao, mmoja na magongo, mwingine bandeji jichoni. Walipoona mabega ya koti mkononi mwangu, wakasimama wote. Yule wa magongo aliyumba, akajikaza, akanyooka.

"Kaeni chini!" nikapiga kelele, machozi ya hasira yakinitoka. "Ni koti tu! Hakuna mtu ndani!"

Hakuna aliyekaa. Nilitamani kulichoma moto palepale, na yeyote aliyewafundisha kuliogopa.

Mlango nyuma yangu haukuwa umefungika vizuri. Nikasikia sauti ya mume wangu, ndogo, ile ya nyumbani.

"Daktari," alisema. Hakusema afande. "Mimi silali."