Mihogo ya Azimio

Kila siku ya Mungu, saa mbili asubuhi, Kilian Kapinga alikaa juu ya gogo nje ya boma la kiboko akamenya mihogo ndoo mbili. Kiboko hajali maganda, na Kilian alilijua hilo, lakini mkubwa mmoja wa wilayani aliwahi kusema maganda huenda yakamkwaruza koo, na tangu hapo mihogo ikawa inamenywa. Akimaliza aliimwaga horini, akagonga ndoo kwa kisu mara tatu. Kiboko alitoka bwawani taratibu, akala kama mtu mzima aliyealikwa.

Kiboko huyo aliitwa Azimio. Wavuvi wa Lipembe, kijiji kilicho kusini kidogo ya Lituhi, walimkuta mdomoni mwa mto mwaka wa sitini na saba, ndama mchanga, kamlalia mama yake aliyekwisha kufa. Wakubwa wakaamua alelewe, wananchi wapate kumtazama. Wakampa jina la mwaka ule, kwa kuwa ndilo lililokuwa midomoni mwa kila mtu, na kazi ya kumlea wakampa Kilian, askari wa wanyama, mtu wa Mbuji kule milimani, ambaye hakujua kuogelea na ziwa lilimtia kizunguzungu. Alimlea kwa maziwa ya unga na chupa ya bia iliyofungwa kitambaa. Ndama alipotaka kulala aliweka kidevu juu ya mguu wa Kilian, na Kilian hakuondoa mguu mpaka ukafa ganzi. Miaka minane ikapita hivyo. Wanafunzi waliletwa kumwona, na mapadri, na wageni wenye kamera. Alichimbiwa bwawa, akazungushiwa magogo, akajengewa banda la mabati. Lipembe nzima, ukiacha kanisa, hapakuwa na bati jingine.

Mwaka wa sabini na nne watu waliokuwa wakikaa mbalimbali huko mabondeni walikusanywa waje kukaa pamoja. Emerensiana Komba aliletwa na lori pamoja na binti yake Lukresia, wa miaka sita, masufuria mawili na mkeka. Mumewe alikwenda kukata mkonge Tanga na barua zake zilikoma. Walipewa kiwanja ubavuni mwa boma la kiboko kwa kuwa hapo palikwisha kusawazishwa. Mihogo yao waliiacha ardhini kwenye shamba la zamani, mwendo wa siku nzima, na nguruwe waliimaliza. Waliambiwa mabati ya nyumba zao yako njiani. Emerensiana alijenga kuta, akaezeka nusu kwa nyasi alizozipata, nusu nyingine akaiachia mabati.

Jumatano moja ya Februari, wakati ghala za kila mtu huwa zimebaki na vumbi, Emerensiana alikuwa shamba la kijiji kwa zamu yake. Kilian alikwisha mwaga mihogo, akaenda ziwani kuosha ndoo. Aliporudi alimkuta Lukresia ndani ya boma, amekaa kwenye tope kando ya hori, na Azimio amesimama juu yake, kinywa wazi.

Hakuna aliyewahi kujua kiboko alitaka nini. Huenda hakutaka kitu. Kilian alimjua kwa miaka minane na bado hakujua. Alichukua bunduki ya serikali kibandani, akalenga nyuma ya sikio, akapiga moja. Azimio alimgeukia, akamtazama kidogo, kisha akakaa chini kwa adabu, upande wa pili, asimwangukie mtoto. Kilian akaingia akambeba Lukresia. Hakuwa na jeraha. Katika kila mkono alishika kipande cha muhogo, na hakukiachia mpaka walipofika kwa mama yake.

Kwenye ripoti Kilian aliandika: “Mtoto aliingia kuchukua mihogo.” Katibu Kata, Bwana Florian, kijana mwenye mwandiko mzuri, alisoma, akakata mstari ule kwa rula.

“Hili halihusiani, Bwana Kapinga,” alisema.

“Ndilo lililomwingiza, Bwana Katibu.”

“Ripoti ni ya kiboko.”

Amri ikaja kwamba nyama isiliwe, kwa heshima. Wanaume kumi na wawili ambao hawakuonja nyama tangu Krismasi walichimba shimo, wakamzika Azimio na ngozi yake, wakarudi nyumbani kula majani ya kunde.

Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, Azimio alitoka ziwani. Alikuwa mkavu. Tundu la risasi lilionekana nyuma ya sikio, safi, halikutoa damu. Alipita katikati ya nyavu zilizoanikwa bila kugusa hata moja, akapanda njia ya boma, akalipita boma bila kulitazama, akaenda kulala mbele ya mlango wa Emerensiana. Lukresia alikuwa nje akicheza na vigae.

“Shikamoo,” mtoto akamwambia, kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote aliowajua.

Jua lilipozama kiboko akainuka akarudi ziwani. Kesho yake, saa kumi na moja, akaja tena. Wanawake waliotoka kuteka maji walimpisha njia, wakasema afadhali angekuja mapema kidogo, kabla njia haijajaa watu.

Kilian hakwenda siku ya kwanza wala ya pili. Alikaa kibandani akisafisha bunduki ambayo haikuwa chafu. Siku ya tatu alivaa kofia yake ya kazi, akaenda, akasimama mbali kama mtu aliyekuja kudai au kudaiwa. Azimio akainua kichwa. Kilian akasogea. Kiboko akaweka kidevu juu ya mguu wake.

Emerensiana alikuwa mlangoni akipembua mboga. “Ungejua atarudi, Bwana Nyama, ungempiga?”

Kilian alifikiri sana. “Ningempiga, mama Lukresia.”

“Basi kaa,” akasema, akamsogezea kinu kilichopinduliwa.

Wakati huo habari zilikuwa zimekwisha safiri. Bwana Florian alipeleka simu ya maandishi: AZIMIO AMEUAWA LIPEMBE. Karani wa posta, aliyefaulu sana Kiswahili shuleni, aliona kosa akalisahihisha, ikafika mbele ikisema AZIMIO LIMEUAWA. Kwa siku mbili watu wazito walikaa vikao na milango imefungwa. Ilipofahamika kwamba ni kiboko, walifarijika, na kwa ile faraja wakakasirika sana. Redio ikatangaza. Gazeti likaweka picha ya Azimio akiwa ndama na chupa yake. Picha ile ilikuwa imekatwa, ukabaki mkono tu wa mlezi.

Barua zikaanza kuja kwa magunia. Zilitoka Mwanza, Moshi, Tabora, nyingine kwa watu ambao hawakupata kuona mto wenye kiboko. Kwa nini hakupiga hewani? Kwa nini hakumrushia kamba? Darasa moja la tatu lilichora kiboko mwenye mabawa. Mwalimu mmoja aliandika kwamba watoto tunao wengi, Azimio alikuwa mmoja. Karibu zote ziliuliza: mama yake alikuwa wapi? Kilian alizisoma kila moja, kwa wiki tatu, akinyoosha kidole chini ya kila mstari, akitafuta mtu aliyeuliza mtoto anaendeleaje. Gunia la mwisho lilipoisha alilikung'uta, kisha akalikunja.

Mkutano wa hadhara ukaitishwa kwenye uwanja wa shule. Mzee Tadei, mwenyekiti wa kijiji, alimwita Emerensiana mbele. Alikuja na nguo yake ya kanisani, Lukresia amemshika upindo.

“Ndugu Emerensiana,” Bwana Florian akasoma kwenye karatasi, “wananchi wanauliza, siku ya tukio ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa shamba la kijiji. Ilikuwa zamu yangu. Ninyi wenyewe mliniita kwa jina.”

Bwana Florian alisubiri, kalamu juu ya karatasi. “Tunangoja jibu.”

“Nilikuwa shamba la kijiji,” akasema tena, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Kunguru waliokuwa juu ya paa la shule waliruka. Mzee Tadei alitega sikio, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Watu waliokuwa mstari wa mbele, ambao walilima naye bega kwa bega siku ile, walitazama chini. Sauti yake ilitoka vizuri, Kilian aliisikia neno kwa neno. Lakini ilipofika kwenye meza ya wakubwa ilikuwa haipo.

“Alikuwa shambani!” Kilian akasema akiwa amesimama. “Na mtoto alikuwa na njaa!”

“Bwana Kapinga anapiga chafya,” Mzee Tadei akasema kwa upole. “Mpeni maji.”

Bwana Florian akaandika: *Hakujibu.*

Baada ya mkutano wale waliokuwa wakiandika barua wakaanza kuja wenyewe. Walifika kwa lori la ushirika na kwa meli, wakiwa wamevaa vitambaa vyeusi mkononi, na saa kumi na moja walijipanga kumtazama Azimio akipita. Walilia kwa kweli, hilo lisifichwe. Walimletea mihogo, ndizi mbivu, maboga, hata mkate wa dukani, wakaviweka mbele yake. Azimio hakula, kwa kuwa alikuwa amekufa. Alisukuma vile vitu kwa pua, kimoja kimoja, mpaka vikafika miguuni pa Lukresia.

Mara ya kwanza Lukresia aliokota ndizi akaimenya. Mama mmoja mwenye miwani akainama akaitwaa mkononi mwake, bila ukali. “Hapana, mwanangu. Hii ni ya Azimio.” Akairudisha. Kiboko akaisukuma tena. Mama akairudisha tena. Walikwenda hivyo mpaka ndizi ikawa haifai kwa yeyote.

Amri ikaja kwamba Bwana Kapinga, ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa imekwisha, alinde vyakula vya Azimio visiguswe. Kilian akaisoma, akaiweka mfukoni. Jioni ile alichukua lindo akiwa amewapa mgongo vyakula na mtoto, uso kuelekea ziwani, ziwa lile lililomtia kizunguzungu, akalitazama mpaka macho yakatoa machozi. Nyuma yake alisikia pua ikisukuma, kisha akasikia meno madogo yakitafuna boga bichi. Siku tisa alilitazama ziwa hivyo. Siku ya kumi Bwana Florian alimtuma msaidizi wa kata, mwanamke mtulivu aitwaye Gertruda, asimame upande wa pili, na Gertruda aliangalia alikoambiwa aangalie.

Masika yakaingia. Nyumba ya Emerensiana ilivuja nusu ile iliyokuwa ikingoja. Mvua ilipoanguka jioni, mama na mtoto walitoka nje wakajibana ubavuni mwa kiboko, upande usio na upepo, wakakaa hapo wakiwa wakavu. Mara nyingine Kilian alikaa nao. Emerensiana alisuka ukili, na Lukresia alitia kidole kwenye tundu la nyuma ya sikio, akakitoa, akakitazama. Hakuna aliyemkataza. Kiboko alifumba macho.

“Haumii?” mtoto akauliza.

“Sijui,” Kilian akasema. “Mimi ndiye niliyempiga, ndiyo maana sijui.”

Mwezi wa nne mabati yakafika. Watu walikimbia kuyapokea, vigelegele vikapigwa, wanaume wakayashusha huku wakiyahesabu kwa wimbo. Ndipo Bwana Florian akasoma barua iliyoandamana nayo. Wananchi wa nchi nzima, kwa uchungu wao, walichanga ili Azimio asinyeshewe tena anapokuja. Vigelegele vilikwisha kupigwa na haviwezi kurudishwa, kwa hiyo watu walipiga vingine vichache, wakachukua nyundo.

Banda lilikuwa zuri. Lilikuwa na nguzo za mninga na sakafu ya saruji. Lakini mahali Azimio alipolala palikuwa mbele kabisa ya mlango wa Emerensiana, na banda lilivyochorwa lilikuwa pana, hivyo nyumba yake ikawa katikati ya njia ya wageni. Emerensiana alihamishiwa upande wa tingatinga, ardhi ya topetope kule mpunga ulikoshindwa. Kilian alibeba nguzo zake, na mkeka, na sufuria moja. Lukresia alibeba sufuria ya pili kichwani kama kofia.

Siku ya kufunguliwa kwa banda wageni walisimama kwenye saruji na mashada yao. Saa kumi na moja Azimio akatoka ziwani, akapanda njia, akalipita banda kama alivyolipita boma, akaingia kwenye tope la tingatinga mpaka magotini, akalala mbele ya mlango mpya wa Emerensiana. Wageni walivua viatu wakamfuata. Walikubaliana kwamba wafu wana njia zao.

Asubuhi ya Jumatatu Bwana Florian alikuja tingatingani na kamba ya kupimia banda jingine na vigingi vya miti. Hakuwa na hasira. Alimwamkia Emerensiana vizuri, akauliza habari za mtoto bila kungoja majibu, akapigilia kigingi cha kwanza kizingitini. Emerensiana aliingia ndani akaanza kutoa vyombo.

“Bwana Kapinga,” Katibu akaita, “nishikie upande wa pili.”

Kilian alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka kumi na tisa. Akaishika ncha ya kamba, akarudi nyuma hatua kwa hatua kwenye tope, akampita Lukresia aliyekuwa amekaa juu ya mkeka uliokunjwa.

“Shikamoo baba,” mtoto akasema.

“Marahaba.”

“Kaza,” Bwana Florian akasema.

Akakaza.